Siku Tatu Pwani ya Wabaski

Jumapili ile bado naiona vizuri, mwanangu. Tulikuwa tumetoka kanisani, tumerudi nyumbani Midrand, na babu yako alikuwa amekaa kwenye meza ya chakula bila kuvua viatu vyake vya ibada. Alikataa katakata kukanyaga sakafu ya Johannesburg kwa soksi. Alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Wundanyi, kwetu Taita, na tangu afike alikuwa akilalamika kwamba majirani zangu hawajui kusalimiana. Mbele yangu nilikuwa nimetandaza ramani ya Uhispania.

Kabla sijaendelea, nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Najua utanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yako. Ukikwama mahali, rudia kusoma. Haya si maneno ya kupitisha macho ukiwa kwenye treni ya kwenda Sandton.

Jana ulinipigia simu ukaniambia kazini wanakutuma Madrid, na kwamba ulikuwa umepanga kuongeza siku tatu katika ile pwani ya Wabaski, kaskazini mwa Uhispania, niliyokusimulia tangu ukiwa mdogo. Halafu ukasema umezifuta siku hizo, kwa sababu hutaki nikae peke yangu. Nikanyamaza, nawe ukadhani nimefurahi. Sikufurahi hata kidogo. Basi nisikilize.

Wakati ule wewe hukuwa umezaliwa. Nilikuwa mkaguzi wa hesabu katika benki, msichana pekee katika kitengo chetu, na nilikuwa nimechaguliwa mimi kwenda Bilbao kwa mafunzo. Mkuu wangu aliniambia nikitaka naweza kuunganisha na siku chache za likizo. Nikatafuta pa kwenda kwenye ramani. Niliona kijiji kiitwacho Getaria, kiko chini ya vilima, na niliwahi kusikia kwamba huko samaki huchomwa nje, barabarani, na wageni hukaa wakitazama bahari. Nikaweka chumba cha siku tatu. Kwa wiki nzima nilitembea ofisini nikitabasamu peke yangu.

Lazima uelewe jinsi jambo hilo lilivyokuwa geni. Kwetu likizo ilikuwa mali ya ukoo. Mtu aliyefanya kazi Afrika Kusini alisafiri mara moja, Desemba, akaenda nyumbani na masanduku ya watu wengine. Hatukusafiri kwenda mahali. Tulisafiri kwenda kwa mtu. Kwa shangazi, kwenye arusi, kwenye matanga. Tangu nianze kazi sikuwa nimepumzika siku hata moja ambayo haikuwa na mwenyewe. Rafiki yangu mmoja Mzulu tuliyekaa naye meza moja kazini aliwahi kuniuliza nitapumzika lini. Nikamjibu nikizeeka. Aliguna "eish" tu, akaendelea na kazi yake.

Basi Jumapili hiyo simu ikalia. Alikuwa Baba Mdogo, ndugu yake babu yako, naye alikuwa na sauti ya mwenyekiti. Binti yake Mkawasi alikuwa anaolewa Desemba, na kamati ya arusi ilikuwa imeitisha kikao. Alikuwa amesikia kwamba nina safari.

"Ukimaliza kazi ya Wazungu, pitia Nairobi," alisema. "Kikao hakiwezi kukaa bila wewe."

"Sawa, Baba Mdogo," nikasema.

Hivyo tu, na likizo yangu ikawa ya kikao. Sikufikiri. Mdomo wangu ulikuwa umezoea neno hilo. Nikaweka simu chini, nikaanza kuikunja ramani, na ile furaha yote ya wiki nzima ikaniishia pale pale mezani.

Babu yako alikuwa ananitazama. Yeye alifundisha shule ya msingi karibu maisha yake yote, na alikuwa na namna ya kumtazama mtu mpaka ajisahihishe mwenyewe.

"Arusi ni lini?" akauliza.

"Desemba, Baba."

"Na wewe Desemba utakuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Sasa unaenda kufanya nini Nairobi?"

"Kikao."

"Kikao cha kuamua hema liwe la rangi gani!" Akagonga meza kwa kidole. "Wakesho, nimekaa hapa wiki mbili. Nakuona ukitoka gizani, ukirudi gizani. Umesomesha wadogo zako wote. Mimi sijawahi kukuambia, lakini nikipita sokoni Wundanyi natembea kifua mbele kwa ajili yako. Na leo nakuona unakunja hiyo ramani kama mtoto aliyenyang'anywa mpira. Nani amekuambia kwamba sisi tunataka uishi hivyo?"

Nilianza kulia, mwanangu. Nilimwomba ampigie yeye mdogo wake, amweleze. Akakataa.

"Nikisema mimi, atasema mzee amekwenda Joburg akaharibika. Mpigie mwenyewe. Kwa heshima, lakini umwambie."

Nikapiga.

"Baba Mdogo, shikamoo tena. Kikao hicho sitakuja. Arusini nitakuja, na nitafanya yote mtakayonipangia. Ila baada ya kazi nitakaa siku tatu huko huko, pwani."

"Pwani? Kuna pwani huko?" akauliza. "Unakwenda kwa nani?"

Nikamtazama babu yako anisaidie. Akajifanya anafunga kamba za viatu.

"Siendi kwa mtu, Baba Mdogo. Nimechoka. Naenda kupumzika."

Sijawahi kusema neno zito kuliko hilo. Baba Mdogo akasema nimpe kaka yake simu. Babu yako aliipokea, akasikiliza muda mrefu, halafu akajibu, "Nimesikia. Ndiyo, nipo hapa, na mimi ndiye niliyemsomesha. Mwache aende." Akakata, akaniomba chai.

Nilikwenda Getaria. Siku ya kwanza mvua nyembamba ilinyesha, ukungu ukashuka juu ya vilima na mashamba ya kwenye miteremko, nikaona kama niko kwetu Taita. Na watu wale walizungumza lugha yao wenyewe ambayo majirani zao hawaielewi, wakaizungumza kwa sauti bila kumwonea haya mtu, nami nikawapenda kwa hilo. Nililala mpaka saa nne asubuhi. Nilikula samaki mzima, wa kuchomwa kwenye makaa, peke yangu, bila kumgawia mtu kichwa wala mkia. Mama aliyemchoma alisimama mlangoni kuhakikisha namaliza. Nilitembea juu ya ukuta ulio pembeni ya bahari na hakuna aliyekuwa ananisubiri. Niliporudi kazini, nilikuwa mtu mwingine, na miaka iliyofuata nilifanya kazi vizuri zaidi kuliko yote iliyotangulia.

Baba Mdogo alininunia mpaka Desemba. Arusini alinishika mkono akanipeleka mbele ya wakwe. "Huyu mwanangu," akasema, "ndiye yule aliyekwenda Uhispania kulala." Alitaka kunichoma. Lakini wakwe walipigwa na butwaa, wakataka kusimuliwa, na jioni ile alirudia kunitambulisha kila meza, kifua mbele.

Sasa nakuambia wewe. Watu wako watunze, sijakulea uwatupe. Lakini kabla ya kusema "sawa", jiulize kama kweli wanakuhitaji, au umezoea tu kuhitajiwa. Likizo uliyoitolea jasho usiifute kwa ajili ya mtu ambaye hata hajakuomba. Na ukikataa jambo, likatae mwenyewe, kwa adabu, bila kusingizia ugonjwa wala bosi. Mimi sina upweke unaofanana na ule unaoufikiria. Nina kwaya, nina bustani, nina majirani ambao hatimaye nimewafundisha kusalimia. Kitakachoniumiza ni kukuona umekunja ramani yako kwa jina langu.

Kwa hiyo rudisha zile siku tatu. Ukiweza, ongeza ya nne. Mungu akutangulie njiani, akupe usingizi mzito na hamu ya kula, bahari ikuoshe uchovu wote uliourithi kwangu, na urudi ukiwa umenenepa. Ukipiga simu kuuliza kama nimekula, sitapokea.