Motokari Kuukuu na Kidimbwi cha Muhogo

Niliisikia kabla ya kuiona: kikohozi, kimya, kikohozi kirefu zaidi, halafu mngurumo uliowakimbiza kuku wa jirani. Nilipozunguka ukuta, moshi mweusi ulikuwa umeufunika uwanja wa shangazi Zaina, na katikati ya moshi ilisimama motokari ya marehemu mumewe, iliyonizidi umri.

Nilikuja kwa sababu moja. Wanawake wa kijito kimoja kwenye njia ya Kibombo walikuwa wameizuia motokari hiyo kuvuka. Mafuta yake, walisema, yanaharibu kidimbwi wanamolowekea muhogo. Mpunga ambao shangazi alikwisha kuununua ulikuwa ng'ambo, na mvua ilikuwa karibu. Mpunga ukinyeshewa, biashara yake imekwisha. Mimi, mtunga hadithi, nikajipa kazi ya kuwashawishi wanawake hao.

Idi, shemeji yake anayeuza magari pale Kindu, alikuja kutuaga, au tuseme kutucheka.

"Shemeji, achana na hii maiti. Nipe niikate vyuma, nikupe mupya. Haitoe moshi, haivuje."

"Na madini ya hiyo mpya yanatoka wapi?" nikamrukia. "Yanachimbwa kwenye mito ya watu. Hii yetu ilishachimbwa zamani. Haidai shimo jingine."

"Muandishi, basi andika mupaka iache kukohoa!"

Tukatoka mjini jua likiwa bado pole, shangazi akishika usukani kwa mikono miwili kama anayemshika mbuzi mkaidi. Barabara ilikuwa nyekundu, na mianzi iliinama juu yake. Wanaume waliosukuma baiskeli zilizosheheni madumu ya mawese walijitupa majanini kutupisha, wakafunika pua. Nilijifanya sikuwaona.

Njiani shangazi alinisimulia habari za vita. Wenye bunduki walipokuwa wakinyang'anya kila gari, mumewe aliifungua motokari kipande kwa kipande, akavigawa kwa watu. Magurudumu yalikwenda Kibombo, usukani ukafichwa darini kwa katekista. Injini walipewa wale wanawake wa kijito, wakaizika chini ya mashina ya muhogo.

"Wangeikuta, wangewaua," alisema. "Njo maana siwezi kupita kwao kwa nguvu."

Adhuhuri harufu chachu ya muhogo ilitupokea. Wanawake walikuwa wamesimama majini wakiwa wamekunja nguo hadi magotini. Mkubwa wao, Mama Feza, akapaza sauti:

"Zaina, karibu! Wewe pita. Hiyo kitu ibaki."

Nikashuka, nikatoa hoja yangu yote ya mashimo na madini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mutoto, unasema kweli. Mimi nilitoka Pangi. Wachimbaji waligeuza mto wetu kuwa tope, tukahama. Sasa kwa kuwa mupya inachafua kule, ya kwenu ichafue hapa?"

"Jibu, muandishi!" wenzake wakapiga makofi.

Mama Feza akanishika mkono, akanipeleka kidimbwini. Juu ya maji palielea utando wa rangi nyingi, mzuri wa kutisha. Akatoa kipande cha muhogo. "Onja." Nikang'ata, nikatema papo hapo. Ulikuwa na ladha ya gereji. Walicheka hadi mmoja akaketi majini.

Mama Feza hakucheka. "Si uzee wake tu. Kila dereva akifika hapa anasimama katikati ya maji, anaosha, anamwaga mafuta machafu kwenye mchanga. Hata Idi na ile yake inayong'aa. Injini hii tuliizika sisi. Vita vilipokwisha, tukaifukua sisi. Hatuichukii. Lakini haivuki mupaka iache kuvuja."

Shangazi hakubishana. Aliirudisha motokari nyuma, mbali na ukingo, akatega beseni chini ya injini, akavua viatu. Kisha akaingia majini. Wa kwanza kujitwisha gunia la mpunga kule ng'ambo alikuwa Mama Feza mwenyewe. Tulivuka, tukarudi, tukavuka tena, maji yakitupiga magotini, shingo zikiwaka moto. Gunia la mwisho lilipopanda garini, wingu lilikuwa limefika juu ya mianzi, nasi tukaligeuzia mgongo kuelekea Kindu.

Nilichojifunza hakikuegemea upande wa Idi wala upande wangu. Gari kuukuu halipati ruhusa ya kuchafua eti kwa sababu ardhi ilishalilipia zamani. Na jipya si safi eti kwa sababu uchafu wake umeachwa Pangi, kwa watu tusiowaona. Kila moja lina kijito chake. Anayeendesha ndiye wa kuulizwa.

Kesho yake nilimsindikiza shangazi ofisini kwa Idi.

"Umechoka na maiti yako?" akauliza Idi.

"Nataka ule mupira wa kuzuia mafuta, wa nyuma ya injini."

"Shemeji! Hiyo njo ya kutafuta mupaka Bukavu. Na ikikosekana?"

"Utafute tena. Na motokari yako usiioshe tena pale kijitoni. Mupaka mupira upatikane, mpunga tutavusha kwa kichwa."

"Msimu muzima?"

"Hata miwili."

Idi akanitazama mimi, kana kwamba ningemwokoa. Shangazi akakaza kikwembe chake kiunoni, akatoka, akaufunga mlango.