Chungu cha Nguruwe Kilichotiwa Chumvi

Baba mkwe wangu alikuwa na hoja moja dhidi ya soya, na aliipenda hoja hiyo kuliko ng'ombe wake yeyote. Alisema chakula kinachosifiwa kwa nguruwe na kwa binadamu kwa mdomo uleule, lazima mmoja wao anadanganywa, na nguruwe hadanganyiki.

Niliisikia hoja hiyo mara nyingi bila kumwona anayeisema. Mimi ni Mhehe wa upande wa Iringa. Mume wangu, Mnyakyusa, alikuwa dereva wa lori. Alinikuta Ilula nikiuza vitunguu kando ya barabara, akanunua vingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula, akarudi wiki iliyofuata kununua vingine. Miaka hiyo ya hamsini ndivyo watu walivyochumbiana pale. Akanioa, akanipandisha lori hadi Mbeya, kisha milimani kwao Rungwe, na huko nikakuta desturi ambayo hakunieleza njia nzima. Sidhani kama alisahau.

Kwao mkamwana haonani na baba mkwe. Sisemi kumheshimu, maana heshima hata kwetu ipo. Nasema haonani naye kabisa. Ukisikia anakuja unajifunika nguo kichwani na kuingia migombani. Naye akikaribia nyumba anakohoa angali mbali ili umpishe. Humsemeshi, hakusemeshi. Nilielezwa kwamba zamani vijana walijenga kijiji chao mbali na cha baba zao ili mambo haya yasiwasumbue. Mume wangu hakujenga kijiji. Alikuwa barabarani na lori la watu, mimi akaniacha nyumba ya uani kwa mama yake, hatua hamsini kutoka kwenye kikohozi cha baba yake. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yangu ilikuwa fupi.

Soya yenyewe ililetwa na bwana shamba kutoka Mbeya, kwa baiskeli, kwenye mfuko wa kitambaa. Alisimama nje ya kanisa baada ya ibada akasema mbegu hii inanenepesha watoto, inanenepesha nguruwe, inarutubisha na udongo. Watu walipanda kwa adabu. Ilipoiva, mama mkwe akawa wa kwanza kuipika, akaipika kama maharage, kwani ilifanana na maharage. Ilikuwa zamu yake kuwalisha waimbaji wa kwaya baada ya mazoezi. Aliitia motoni asubuhi, na hadi jioni bado ilikuwa inagonga meno. Waimbaji waliila hivyo hivyo, maana kwaya huwa haikatai chakula. Kesho yake, Jumapili, sauti ya nne walianza kutoka nje mmoja mmoja katikati ya wimbo wa kwanza, na ibada ikaisha bila besi. Tangu siku hiyo baba mkwe akatoa amri: soya ni ya nguruwe.

Nguruwe alikuwepo mmoja tu kilimani kwetu, na alikuwa wake. Alimnunua akiwa mdogo kwa watu wa misheni, akamjengea banda zuri kuliko jiko langu.

Mimi wakati huo nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza, msichana wa miezi minane, na maziwa yangu yalikuwa haba. Mtoto alikuwa mwepesi kiasi kwamba nikimfunga mgongoni nilikuwa nageuza shingo kuhakikisha yupo. Nikampeleka zahanati ya misheni. Nesi, mama mmoja mkavu asiye na mzaha, alimweka kwenye mizani, akaitazama, akamtoa, akamweka tena. Akasema mtoto huyu asipopata chakula cha kujenga mwili hatafika mavuno. Akaniuliza kama nyumbani tuna soya.

"Tunayo," nikasema, "lakini ni ya nguruwe."

"Basi mwibie nguruwe," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Kabla sijatoka alinieleza namna ya kuiandaa: ichemshwe kwanza, imenywe ganda, ianikwe, ikaangwe, itwangwe, ndipo iingie kwenye uji. Nilirudi nikamweleza mama mkwe, mama mkwe akapeleka maneno kwa mumewe, na jibu likarudi kwa njia ileile: "Mjukuu wangu hali chakula ya nguruwe. Kama mwanamke wa Iringa anataka kulisha watu hivyo, arudi Iringa akalishe kwao. Mtoto atabaki hapa."

Nililia usiku ule, kisha nikakasirika, na hasira ilinifaa zaidi. Asubuhi nilimwambia mama mkwe kwamba amezeeka kuinama kwenye moshi kwa ajili ya nguruwe, kuanzia sasa chungu cha nguruwe nitapika mimi. Alinisifia kwa majirani. Alisema mkamwana aliyetoka mbali ndiye mwenye bidii.

Hakuna nguruwe duniani aliyewahi kupikiwa kama yule. Nilichemsha, nikamenya, nikakaanga, nikatwanga, nikaponda na viazi vitamu, nikatia chumvi na maziwa kidogo. Kilipoiva nilimlisha mtoto wangu mpaka akageuza uso. Kilichobaki nilikiongeza maji na pumba, nikampelekea mwenye chungu.

Baada ya miezi miwili mtoto alikuwa na mashavu, na nguruwe alikuwa na mbavu. Kanisani walisema mashavu yale ni majibu ya maombi. Mbavu zile zikawa ushahidi. Bwana shamba alipopita kuona maendeleo, baba mkwe alimpeleka bandani, mimi nikiwa nimejificha migombani nasikia kila neno.

"Anakula nini?" bwana shamba akauliza.

"Soya yenu. Kila siku. Mtazame mwenyewe."

Bwana shamba alimpima nguruwe kiuno kwa kamba, akapima tena, akaandika kitu kwenye daftari, akaondoka akisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Nilimwonea huruma mno. Mtu alikuwa amesema kweli tupu, na mimi ndiye niliyemfanya mwongo.

Siku za mwizi ni arobaini. Zangu zilitimia siku mama mkwe alipokwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa na kuniachia mapishi yote. Kwa siku za namna hiyo tulikuwa na utaratibu wetu: chakula cha baba mkwe nakiweka chini ya mgomba wa mwisho, penye kivuli na vigoda, nagonga upawa kwenye ukingo wa chungu, kisha napotea. Yeye akisikia anakuja.

Nilikuwa na vyungu viwili, vyote vya Wakisi kutoka ziwani, vinafanana kama mapacha. Kimoja kilikuwa na ndizi za kupika na maharage kwa ajili yake na mgeni wake, mzee wa kanisa. Kingine kilikuwa cha nguruwe, na siku ile nilichelewa, mtoto alikuwa bado hajala. Nikaamua nimlishe kulekule karibu na banda ili nguruwe anione na kunyamaza. Njiani kanga ikalegea. Nikatua chungu chini ya mgomba wa mwisho nijifunge vizuri, na upawa ulikuwa umejaa kimori, ule mpondo wa viazi na soya, nikaugonga kwenye ukingo kuukung'uta, kama mpishi yeyote afanyavyo.

Kikohozi kikaitika papo hapo. Nilijirusha migombani na mtoto mgongoni.

Walikuja wawili, wakakaa vigodani, wakanawa. Mzee wa kanisa akaomba, na hakuwa mtu wa sala fupi. Alikibariki chakula cha nguruwe, akakitakasa, akaiombea mikono iliyokipika. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye majani makavu. Nikipaza sauti, nimemsemesha baba mkwe. Nikitoka, nimemwonyesha uso mbele ya mzee wa kanisa. Nikinyamaza, wazee wawili wanakula chakula cha nguruwe. Desturi ya watu wale ilikuwa imefikiria kila kitu isipokuwa hilo.

Nikanyamaza. Wakala.

"Hii nini?" mzee wa kanisa akauliza, mdomo umejaa.

"Mapishi ya Iringa hayo," baba mkwe akasema, na sauti yake ilikuwa na majivuno ambayo sikuwahi kuyasikia. "Mkamwana wangu. Watu wa kwao wanajua viazi."

"Tamu. Mke wangu aje afundishwe."

Walikifuta chungu kwa vidole. Mke wa mzee alikuja kweli wiki iliyofuata, nikamfundisha viazi vya Iringa, soya nikimwambia ni unga wa karanga za kwetu. Mungu atanisamehe, familia nzima ilinawiri.

Mgeni alipoondoka, nguruwe alianza kupiga kelele. Baba mkwe akaenda bandani, akaona hori tupu. Akarudi kwenye chungu, akainama, akachokora chini kabisa, akatoa punje moja iliyoukwepa mchi wangu: ya mviringo, ya manjano. Aliitazama kwa muda mrefu. Nilimwona mgongo tu, lakini mgongo ulitosha. Nikawa nahesabu nguo zangu kichwani, ipi nitafungia mzigo wa kurudi Iringa, na nilipofika kwenye nguo za mtoto nikakumbuka mtoto habebwi, atabaki, nikaacha kuhesabu.

Akarudi bandani, akaegemea ukuta wa miti, akasema kwa sauti kubwa:

"Nguruwe. Tangu lini wewe unakula chumvi?"

Nguruwe akaguna.

"Na maziwa. Mimi mwenyewe maziwa natiliwa sikukuu."

Nilielewa. Desturi ilikuwa na upenyo mmoja mdogo: huruhusiwi kumsemesha mtu, lakini hakuna aliyekataza kumsemesha mnyama karibu yake. Nikamshusha mtoto mgongoni, nikamgeuza anitazame, nikasema, "Mwanangu, huyo nguruwe akiulizwa aseme chumvi ni yako."

Akarudi kwa mnyama wake: "Nguruwe, kwa hiyo wewe unapata nini?"

"Mwanangu, nguruwe anapata yanayobaki."

"Yanabaki mengi?"

"Hayabaki mengi."

"Ndiyo maana mbavu zako zinahesabika. Na mimi nimemwaibisha bwana shamba wa watu." Akakohoa, si kile kikohozi cha njiani. "Nguruwe, nilisema mjukuu wangu asile chakula yako. Nilisema au sikusema?"

"Mwanangu, babu alisema. Lakini nesi alikuweka kwenye mizani mara mbili, akasema hutafika mavuno." Nikampangusa mtoto uso. "Mama yako angefanya nini?"

Hoja yake alikuwa hajaitupa, na hadharani hakuitupa hadi alipozeeka, lakini pale bandani aliigeuza-geuza kama mtu anayetafuta tundu kwenye ndoo.

"Nguruwe, na waimbaji je? Walilala na matumbo siku mbili."

"Mwanangu, waimbaji walikula haijaiva, na maganda yake. Wewe unakula iliyochemshwa, ikamenywa, ikakaangwa."

"Na mimi na mgeni wangu leo tumekula ipi?"

"Mwanangu, babu na mgeni wake wamekula ya kwako."

"Yote?"

"Yote."

Mtoto, ambaye hadi hapo alikuwa amevumilia mazungumzo ya wakubwa, akaanza kulia. Hakikuwa kilio chembamba cha mwanzo, kile cha paka aliyefungiwa. Kilikuwa kilio cha mtu mwenye nguvu aliyedhulumiwa, na nguruwe akamjibu kutoka upande wake, mpaka mimi na baba mkwe hatukuweza tena kusikilizana.

Alisubiri wote wawili wapumzike. Nilisikia miguu yake ikija kwenye mgomba wa mwisho, nikajifunika nguo hadi miguuni, nikamkumbatia mtoto kifuani. Hakukohoa. Alisimama upande wa pili wa shina, karibu kuliko alivyowahi kusimama, akiwa amenipa mgongo, nami nimempa wangu.

"Twanga nyingine," alisema. "Mpe ashibe."

Maneno hayo hakumwambia nguruwe.