Bi Mkasi na Mkia wa Habari

Katika chumba cha habari hakuna aliyemwita kwa jina lake, na waliojiunga karibuni hata hawakulijua. Alikuwa Bi Mkasi, basi. Tangu zama za kurasa kubandikwa kwa gundi juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, yeye ndiye aliyezikata habari zisizoenea. Nafasi ya gazeti haibembelezwi. Habari ikizidi inakatwa, na inakatwa mkiani, maana waandishi wamefundishwa kuweka mazito juu na makombo chini. Gundi ikaondoka, ikaja kompyuta. Akakata kwa kompyuta.

Aliyeumia zaidi ni mwandishi wa habari za mjini, mtu mzima mwenzake mwenye maneno mengi. Waliitana shemeji, ingawa hakuna aliyeoa kwa mwenzake.

"Leo umenibakizia nini, shemeji?" mwandishi angeuliza.

"Kichwa na shingo. Shukuru Mungu."

Kisha gazeti la karatasi likafa. Halikufa ghafla; lilipungua kurasa, likapungua siku, hadi ule mtambo wa kuchapia uliokuwa ukitetemesha vikombe vya chai kila jioni ukauzwa kama chuma chakavu. Habari zikahamia kwenye simu za watu. Bi Mkasi akahamishiwa meza ya tovuti, akaenda shingo upande. Alisema wazi kwamba kazi hiyo haipendi, na kweli hakuipenda. Ukurasa gani huo usiokunjwa, usiofungiwa hata maandazi?

Asubuhi moja mwandishi akamletea habari ya mama mmoja mzee aliyepotea. Alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Jana yake alitoka nyumbani wakati bintiye anaanika nguo, na hakuonekana tena. Picha ilikuwepo: uso mwembamba, kilemba kimekaa upande, tabasamu la mtu aliyebembelezwa atabasamu. Bi Mkasi alimhurumia. Akanyoosha sentensi, akatia kichwa cha habari, na pale chini, bila hata kuwaza, akakata aya ya mwisho. Ukurasa ule ungeweza kubeba habari ndefu mpaka watu wachoke kusoma, lakini mkono ulikwishazoea. Akairusha mtandaoni, akaenda zake kunywa chai.

Aliporudi alikuta maoni yamejaa chini ya habari. Zamani msomaji akikasirika alikutukana akiwa kwake, nawe ukalala usingizi wako. Siku hizi wote wamehamia sebuleni kwako. Akapitia pole, akapitia dua, akampita mjuaji mmoja aliyekuwa anamlaumu binti, hadi akafika kwa mtu aliyejitambulisha kuwa ni fundi viatu.

"Huyu mama amekaa hapa kibandani kwangu, nyuma ya stendi. Nimempa maji. Sasa nimpigie nani? Mbona hamjaweka namba? Anataka kuondoka."

Namba ya binti ilikuwa kwenye aya ya mwisho.

"Shemeji," aliita. "Nimekata namba."

Mwandishi akaja, akasoma, na kwa mara ya kwanza hakumtania. Alichukua simu akampigia binti hapo hapo. Bi Mkasi akairudisha aya nzima, kisha akamwandikia fundi, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia msomaji maishani mwake: "Kosa ni langu. Namba sasa ipo. Mwanawe yuko njiani. Tafadhali fundi, usimwache aondoke."

Enzi za karatasi, kosa likishachapwa limechapwa. Ungesubiri kesho uombe radhi kwa herufi ndogo kurasa za ndani, na ya mama huyu yangekuwa yamekwisha. Bi Mkasi aliogopa kama ni mama yake mwenyewe. Fundi hakujibu. Chai ya watu ikapoa mezani. Halafu maneno yakatokea:

"Nimemwambia viatu vyake vimeachia soli. Amevua, nashona polepole. Hawezi kuondoka peku."

Bi Mkasi akacheka na machozi yakamtoka, vyote kwa pamoja. Fundi alikuwa bado anashona binti alipofika.

Siku ya pili binti akaja na mama yake ofisini kutoa shukrani. Akaomba nakala moja ya gazeti aiweke nyumbani. Bi Mkasi akamweleza kwamba halichapwi tena, na kusema hivyo kulimuuma upya. Akavuta kiti, akamketisha mama karibu naye, akamgeuzia kompyuta.

Mama akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Maskini, mtu mzima wa watu," alisema. "Wanawe wamempata?"

Binti akageukia dirishani.

"Wamempata, mama," Bi Mkasi akajibu.

"Sasa mbona hamjaandika? Watu si wanahangaika huko?"

Bi Mkasi akasoma tena. Kweli, habari ilikuwa inaishia kwenye namba ya simu, na mle ndani mama alikuwa bado anatafutwa. Akateremka hadi chini kabisa, akaanza kuandika, huku akimsomea kila neno: amepatikana, yuko salama, yuko na bintiye.

"Ongeza kwamba amekula," mama akasema.

Bi Mkasi akaongeza.