Mwezi Aliousubiri Baba

Kwetu Shumba, mwezi wa Ramadhani haukuandama mpaka baba aseme umeandama. Shehe alimwamini kuliko vijana wenye macho makali, kwa kuwa baba hakusema uongo hata wa kumliwaza mgonjwa.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini nilirudi likizo kutoka shule ya wasichana mjini, kiherehere cha elimu kimenijaa. Nikamkuta baba anapapasa bakuli la uji lililo mbele yake. Alikuwa ametuficha sote, hata mama.

"Mie n'naona ukungu tu, mwanangu. Kimeharibika nini humo?"

Nilijua. Mwalimu alitupasulia jicho la ng'ombe darasani. Nikamweleza baba kwamba mboni ni tundu tu, hupanuka gizani na kujibana juani. Nyuma yake kuna lenzi, kidonge kiangavu. Mwalimu alikiweka juu ya kitabu, herufi zikakua. Lenzi hukusanya mwanga na kuutupa kwenye utando wa nyuma ya jicho, picha ikiwa kichwa chini miguu juu, kisha mshipa huipeleka kwenye ubongo, na huko ndiko inakonyooshwa.

"Lenzi zako zimeingia weupe, baba. Ni mtoto wa jicho."

Nilisema kwa furaha ya mwanafunzi aliyepata jibu. Naionea haya furaha ile hadi leo.

"Kumbe mwezi unafika mlangoni, hauingii," akasema. Nilipomtajia hospitali, akajibu kwamba jicho lake halitapitishwa kisu.

Jioni ya ishirini na tisa Shaabani kijiji kizima kilisimama kwenye uwanda wa mawe. Mawingu yalitanda. Mara yakaachana kidogo, nikauona, mwembamba, umelala chali juu ya minazi, kisha yakafunga. Wengine hawakuwahi. Nikamnong'oneza baba mahali ulipo, nikamsihi aseme ameuona.

"Umeandama, Mzee?" Shehe akauliza.

Baba alimgeukia. "Sikuuona, Shehe. Macho yangu yamekwisha. Mwanangu kauona."

Ushahidi wa mtoto hautoshi. Kesho yake tulikula mchana, hadi habari zikaja kwamba wenzetu wa Pujini waliuona na wamefunga. Kijiji kizima kikawa na siku moja ya kulipa, na wapo walionung'unika baba akisikia, kwamba angesema tu. Hawakumwita tena uwandani. Niliumia kwa ajili yake, na nilimkasirikia pia, kwa sababu ningekuwa mimi ningesema.

Tangu hapo, kila mwezi mpya nikiwa nyumbani, aliniuliza, nami nikamweleza nilichokiona.

Mara ya mwisho alikuwa kitandani, hawezi kuinua kichwa. Nje kulikuwa na mvua.

"Umeandama?"

"Umeandama, baba. Mwembamba, juu ya minazi."

Akageuza uso upande wa dirisha, akamshukuru Mungu kwa macho yangu. Sikuwa nimeona kitu.