Rangi Nyekundu Nyuma Yangu

Mimi ni mkaguzi wa ubora kwenye kiwanda cha shaba hapa Kolwezi. Kufunga mwaka, nilijipiga picha mbele ya lori lililokuwa likipakiwa, nikaandika mtandaoni: "Mwaka mzima, hakuna bamba baya lililonipita." Pongezi zilimiminika. Karatasi ya kuliruhusu lori kuondoka niliisaini macho yakiwa kwenye simu.

Kesho yake mkuu wangu, Mama Kapinga, akaniita. Nilidhani ni sifa, nikachomekea shati.

Picha yangu ilijaa kwenye kompyuta yake.

"Tata Ilunga, balikuwa banapakia nini nyuma yako?"

Nikainama. Mabamba yalikuwa na rangi nyekundu, ile ninayopaka mwenyewe kwenye mabamba yaliyokataliwa.

"Lori iko wapi?"

"Karibu na mupaka, mama."

Akanisogezea simu. "Ita shofere wa lori arudi. Kisha na hiyi uiandike, bantu bakupongeze tena."