Mkubwa Apande Kwanza

Kwetu upande wa Ndhiwa, mkubwa wa boma ndiye hupanda kwanza. Kabla hajatia mbegu yake shambani, wadogo zake hawapandi hata punje moja, mvua inyeshe isinyeshe. Wazazi wetu walishafariki, kwa hiyo mkubwa ni mimi, mgane ninayeishi peke yangu Migori mjini, nikitengeneza redio na simu. Imani hiyo mimi sina. Nimelisema hilo waziwazi tangu ujana, na watu wamenizoea tu.

Mwaka huu mvua ya kwanza iliponyesha, mdogo wangu alinipigia simu.

"Kaka, shamba iko tayari. Tunangoja wewe tu."

"Pandeni. Nimewaruhusu."

"Hii si maneno ya kuruhusu."

"Mimi siamini hayo mambo, na nyinyi mnanilazimisha!"

"Hatukulazimishi uamini, kaka. Lakini wewe pia unatulazimisha tuache imani yetu."

Nikakata simu. Nilikasirika hata kazi ikanishinda siku hiyo. Miaka yote nilijiona mtu wa kutoa maoni yake tu, na wao ndio wa kushurutisha. Mvua ikanyesha tena. Mdogo wangu ana watoto wadogo, na wanakula kutoka shamba hilohilo. Mimi unga nanunua dukani. Maoni yangu hayakunigharimu chochote, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nikapanda bodaboda nikaenda bomani. Nilikuta jembe limeegemezwa kwenye mlango wa nyumba yangu ya huko. Nikachimba mashimo machache, nikatia mahindi, nikafukia. Sijanyoosha hata mgongo, mdogo wangu na mkewe walikuwa washaingia shambani kwao, wanapanda mbiombio huku wanacheka. Nilifurahi kuwaona hivyo, ila hakuna aliyeniita.

Mchana shemeji aliniletea bakuli la nyoyo, yale mahindi na maharagwe yanayochemshwa pamoja, yameiva vizuri.

"Asante sana, shemeji. Mungu amekufungua macho," akaniambia.

"Siamini hata sasa," nikamwambia.

Uso ukambadilika. "Basi usiseme kwa nguvu, tafadhali. Mbegu bado haijashika."

Hakuwa anatania. Niliona hofu machoni pake, nikaufyata. Yeye akarudi mbio shambani kabla jua halijakausha udongo.

Niliingia katika nyumba niliyomjengea marehemu mke wangu, nikafunga mlango. Humo ndani nikasema kwa sauti kwamba mahindi huota kwa mvua, hayajui nani mkubwa wala nani mdogo. Mke wangu angekuwepo, angenibishia mpaka chakula kipoe, kisha angenicheka.

Nilingoja kidogo. Hakuna aliyenibishia.