Sauti ya Nne Kwenye Santuri

Kaka yangu alikuwa na santuri tatu za muziki wa soul, na kwa miaka mitatu aliamini kwamba anazijua zote. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza Iringa mjini, akiishi chumba kimoja chenye kitanda, meza na gramafoni ndogo ya betri, ile ya kufunga na kubeba kama sanduku la safari. Spika yake haikuzidi kisosi. Mimi nilikuwa seremala Mafinga, nina miaka ishirini na mbili, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nilidandia lori la mbao kwenda kumtembelea.

Miaka ile ya sabini redio haikupiga soul mara kwa mara, na wakubwa waliuita muziki wa kihuni. Kwa hiyo tulizirudia zile zile tatu, upande wa kwanza, upande wa pili, mpaka tukajua ni wapi sindano itakwaruza. Siku moja, wimbo ukiendelea, nilikuwa nimeegemeza kiwiko mezani nikahisi kitu kikitetemeka kwenye mfupa.

"Kaka, kuna mtu humu hatumsikii," nilisema.

"Mtu gani?"

"Kuna ngoma, kuna gitaa, kuna mwimbaji. Na kuna mwingine chini yao."

Kaka alicheka. "Mdogo wangu, hizi santuri nilianza kuzisikiliza wewe hujajua kushika randa."

Sikubishana. Lakini baba yetu aliimba sauti ya nne, ile ya chini kabisa, kwenye kwaya ya kanisa, Mbeya, tangu kabla sijazaliwa. Nilipokuwa mtoto alinikalisha pembeni yake kwenye benchi la kwaya. Watu husifu sauti ya kwanza. Ya nne huipata vizuri anayekaa nayo benchi moja, maana hupita kwenye mbao kabla haijafika sikioni. Kilichonigusa kiwikoni nilikifahamu.

Fundi redio mmoja wa Mafinga alinipa spika kubwa iliyotoka kwenye redio ya kabati iliyoungua. Bila boksi ililia kama debe. Nikaitengenezea boksi la mbao za paina, na kwa haraka yangu nikatumia mbao mbichi. Hazikupita wiki mbili mbao zikakauka, viungo vikaachia, na kila besi ilipopiga boksi likatoa upepo wa aibu. Mafundi wenzangu walicheka mpaka wakaweka misumeno chini.

"Hilo limekula maharage," mmoja alisema.

La pili nilitumia mninga mkavu wa unene wa inchi moja, gundi ya moto, na skrubu badala ya misumari. Ndani nikajaza sufi ya mto wangu wa kulalia. Nililala bila mto miezi miwili. Kaka naye, japo hakuniamini, aliazima amplifaya ya mikutano inayotumia betri ya gari.

Tuliviunganisha chumbani kwake Jumamosi mchana. Aliweka santuri aliyoipenda kuliko zote. Sindano ikakwaruza palepale tulipopajua, kisha gitaa la besi likaingia. Lilitembea taratibu, likashuka, likangoja, likarudi. Kikombe kikasogea mezani. Kaka alikaa kitandani kama mtu aliyepokea barua asiyoitegemea.

"Huyu alikuwa wapi siku zote?" aliuliza.

"Alikuwemo."

Tulizipiga zote tatu toka mwanzo kama ngeni kwetu. Kuna wimbo kaka alikuwa akiuruka kila mara, akisema umepooza. Siku hiyo tuliupiga mara tano.

Pasaka ilipofika tukalifunga boksi kwenye blanketi, tukabeba na gramafoni na amplifaya, tukavipeleka nyumbani, Mbeya. Dereva wa lori tulilopanda alikuwa akivuka Tunduma hadi Zambia. Alipojua tumebeba nini, alipapasa chini ya kiti chake akatoa santuri ambayo hatukuwahi kuiona.

"Nilipewa Lusaka, na sina pa kuipigia," alisema. "Sikukuu hizi napumzika Mbeya. Jumatatu naleta betri yangu nyumbani kwenu, tuisikie wote."

Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Soweto. Baba alitukuta tukilishusha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hilo jeneza dogo ni la nini?"

"La muziki, baba."

"Muziki gani?"

Kaka akakohoa. "Wa Wamarekani weusi."

"Wa kihuni," alisema baba, akaingia ndani.

Jumatatu ya Pasaka mchana dereva alitimiza ahadi. Baba alichukua kitabu chake cha nyimbo akaenda kukaa uani. Tukabaki sebuleni na mama, tukaweka santuri ile mpya. Ajabu yake, mwanamume aliyemo hakuimba. Aliongea tu, kwa mapigo, juu ya muziki.

"Anasema nini?" mama aliuliza.

Kaka akatafsiri. "Alimkosea mkewe akaondoka. Sasa amerudi, amesimama mlangoni, anaogopa kubisha."

"Abishe!" mama alisema. "Ameshafika, anaogopa nini tena?"

Neno rap hatukulijua. Miaka mingi baadaye, nilipowasikia vijana wakichana mistari, nilimkumbuka mama akimhimiza mtu yule apige hodi.

Mtu yule akanyamaza kidogo, besi ikabaki peke yake. Hapo baba akatokea mlangoni, kitabu mkononi.

"Nani huyo?"

"Ni mwimbaji mmoja wa..." kaka alianza.

"Simuulizii anayeongea. Namuulizia aliye chini."

Nikajibu mimi. "Ni gitaa la besi, baba. Ndiyo sauti ya nne."

Baba alivuta kigoda akakaa karibu na boksi, akaweka kiganja juu ya mninga. "Rudia," alisema. Tukarudia. "Tena." Mara ya tatu alikuwa akiguna nayo, chini kabisa.

"Huyu anajua kazi," alisema. "Anajua kungoja."

Kisha aliinuka, akatoka bila kuaga. Alirudi na wazee watatu waliokuwa wakiimba naye sauti ya nne, wote na makoti yao ya Pasaka. Wakajipanga kwenye benchi. Santuri ikaanza, na wote wanne wakaifuata kwa midomo iliyofumbwa, vioo vya dirisha vikitetemeka. Majirani wakaanza kujaa uani.

Wimbo ulipoisha wao hawakuacha. Kutoka noti ile ile wakaingia wimbo wa Pasaka wa kanisani, bila mwongozaji, bila sauti ya kwanza. Maisha yangu yote nilikuwa nikiisikia sauti hiyo chini ya nyingine. Siku hiyo ilisimama peke yake, nzima, ikatosha. Mama akapiga kigelegele, dereva akapiga makofi mpaka kofia ikamdondoka.

"Aliyemsikia wa kwanza ni huyu," kaka aliwaambia watu, akinisukuma mbele. "Mimi nilimcheka."

Baba akanishika mkono mbele ya wote.

"Ndaga fijo, fundi," alisema. Alinishukuru kwa Kinyakyusa, na hakuwahi kuniita fundi kabla ya hapo.

Kesho yake nilirudi Mafinga bila boksi. Baba alikataa liondoke, na mimi sikubishana naye.